Kilio Kilichohama

Evariste Mbuyi alikuwa mtu wa kuweka makosa. Wengine huwawekea wenzao kinyongo. Yeye alijiwekea mwenyewe. Alikuwa karani kwenye gereji ya Transports Mukana, kampuni ndogo ya malori pale Likasi, iliyobeba mbao, saruji na magunia ya unga ya wafanyabiashara wa mji. Kampuni kubwa ya madini, ambayo sasa ilikuwa ya serikali, ilikuwa na malori yake.

Kazi yake aliifanya vizuri. Lakini jioni, baada ya kula, alikaa mlangoni akaichambua siku yake kama mtu anayechambua maharage, isipokuwa yeye hakuyatupa yale mabovu. Miaka mingi nyuma, siku ya Pentekoste, alisoma mbele ya kanisa zima somo lisilokuwa la siku ile. Padri mwenyewe alikuwa ameshasahau. Evariste bado alihisi masikio yakimwaka kila alipopita mbele ya lile kanisa.

Mkewe Simone, aliyeuza unga kwenye soko la Kikula, alikuwa amemzoea. Akimwona amenyamaza mno alimwuliza, "Leo ni lipi?" Naye Evariste alimweleza: amemjibu mteja vibaya, au amesahau kumpa dereva pole ya msiba. Simone alisikiliza huku akiendelea na shughuli zake.

Alhamisi moja ya kiangazi, mwaka wa 1970, simu ya gereji ililia asubuhi. Aliyeipokea ni François, mkubwa wa gereji, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alisikiliza kwa muda mrefu huku ameziba sikio la pili kwa kidole. Kisha simu ikakatika, naye akabaki ameshika mkono wa simu hewani.

"Ni Koni," alisema. "Camion yetu imepinduka ku mteremuko, karibu ya kufika ku barrage. Chauffeur amekufwa. Kabongo."

Evariste alisimama. Moyoni mwake aliona uso wa dereva mmoja tu, uso wa Kabongo Adolphe, mrefu, mwenye kucheka kwa nguvu, kwa sababu njia ya Koni, kule kwenye bwawa la umeme, ilikuwa ya Adolphe tangu zamani. Gereji ilikuwa na Kabongo wa pili, Isidore, mtu mpole wa maneno machache, lakini huyo kwa kawaida alipeleka mbao Kamatanda. Hawakuwa ndugu. Jina tu liliwakutanisha, na wake zao pia, Hélène na Mélanie, walioanza kwa kutaniana kwamba wameolewa na mtu mmoja wakaishia kuwa marafiki wa kuazimana chumvi.

"Nitakwenda kumwambia bibi yake," Evariste alisema.

"Ngoja kwanza," François akamjibu. "Ile ligne ya simu ni mubaya, sikusikia muzuri. Tupige tena."

"Chef, bantu ba Koni banakuya na bus. Watashuka pale ku soko ya Kikula. Ule mama atasikia mu barabara, mu kinywa ya mulevi. Haiko muzuri."

"Najua. Lakini ngoja."

François aligeuka kuipiga simu tena, na alipogeuka tena Evariste alikuwa ameshapanda baiskeli.

Njiani alitafuta maneno. Alitaka yawe ya heshima na yasiwe mengi. Katika huzuni yake palikuwa na kitu kingine, ambacho baadaye alikikumbuka kwa uchungu: alitaka kuwa yeye, kwa kuwa alijua wengine wangeisema vibaya habari ile.

Hélène alikuwa uani akianika nguo. Alimwona karani wa gereji saa ya kazi, hana kofia, ameshika baiskeli kwa mikono miwili, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Adolphe," alisema.

"Mama, nguvu," Evariste akamwambia. "Camion ilipinduka kule Koni. Mungu amemuchukua."

Hélène alikaa chini palepale, juu ya nguo zenye maji, akapiga kelele moja iliyowatoa majirani wote nje.

Kabla ya jua kufika katikati ya mbingu uwanja ulikuwa umejaa. Mikeka ilitandikwa. Wanaume walileta viti na kuni, wanawake wakaleta masufuria. Mélanie alifika miongoni mwa wa kwanza, akikimbia, kitenge kimemlegea. Yeye ndiye aliyemfunga Hélène kitambaa cha ujane kiunoni, yeye ndiye aliyemwosha uso, na alipokaa alimkumbatia kwa nyuma kama mtu anayemzuia mwenzake asianguke mtoni. Evariste alimsikia akisema sikioni mwa rafiki yake, "Lia, dada. Niko hapa. Siendi popote."

Evariste hakurudi gerejini. Aliona ni vibaya kuondoka. Alibeba viti, akaandaa mahali pa wazee kukaa, akamtuma mtu kumwita katekista. Watu walimshukuru. Mzee mmoja alimwambia amefanya kazi ya kiume.

Jioni ilipoanza, king'ora cha kiwanda kikiwa kimeshalia na wafanyakazi wakirudi kwa baiskeli, Kabongo Adolphe aliingia uwanjani kwake kwa miguu, ana vumbi la mbao nywelini na kifurushi cha samaki wakavu mkononi.

Waliokuwa karibu na mlango wa ua waliruka. Mwanamke mmoja aliangusha sufuria, mwingine akajificha nyuma ya nyumba akiita jina la Maria. Adolphe alisimama. Aliangalia viti, mikeka, moto.

"Nani amekufwa kwangu?" aliuliza. "Hélène iko wapi?"

Hélène aliinua uso. Alimwangalia mumewe muda mrefu, mdomo wazi, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ni mdogo wa Adolphe, Alexis, aliyekwenda kumshika mkono kwanza, akauminya kweli ili ajue kama ni nyama.

"Walisema umekufwa, yaya," alimwambia kaka yake. "Na camion. Kule Koni."

"Minye? Mimi leo sikwenda Koni. Nilikuwa nasikia jino, nilibadilisha njia na mwenzangu alfajiri, bila kuambia muntu ku gereji. Minye nilipeleka mbao kule Kamatanda. Koni alikwenda Isi—"

Hakumaliza jina. Alikuwa amemwona Mélanie.

Mélanie bado alikuwa amemkumbatia Hélène. Mikono yake haikuondoka. Alisema polepole, kama anayemsaidia Adolphe kukumbuka, "Koni alikwenda Isidore."

Adolphe aliinamisha kichwa.

Kisha Hélène, ambaye mchana kutwa alikuwa mjane, aligeuka ndani ya ile mikono, akamshika Mélanie kabla hajaanguka. Alikuwa bado amefungwa kile kitambaa kiunoni. Alikifungua, akakiangalia, hakujua akiweke wapi.

Baada ya kelele, baada ya Mélanie kuanguka mara mbili na kuinuliwa mara mbili, jambo lililofuata lilitendeka bila mtu kutoa amri. Wanawake waliikunja mikeka. Wanaume walibeba viti kichwani. Mmoja alichukua vijiti vinavyowaka kwenye kipande cha bati. Kilio chote kilitoka kwa Hélène, kikakata barabara ya vumbi, kikaingia kwa Mélanie, mtaa wa pili. Waliokuwa wakilia waliendelea kulia, jina tu likabadilika.

Evariste alibaki kwenye ua mtupu akiwa na baiskeli yake. Alexis alimjia na ngumi iliyokunjwa, na Adolphe akamzuia. Hélène ndiye aliyerudi kutoka barabarani, macho yamemvimba.

"Alikuwa ananifariji," alisema. "Unaelewa? Bwana yake amelala kule, na yeye ananipanguza machozi minye. Tangu asubuhi."

"Mama Hélène, minye…"

"Nenda, Evariste. Nisikuone leo."

François alikuwa amemtafuta asubuhi ile. Simu ilirudi saa nzima baada ya Evariste kuondoka, jina likasikika lote, na mkubwa wa gereji alipomkosa karani wake alikwenda mwenyewe moja kwa moja Koni na gari dogo kumleta marehemu. Alidhani Evariste yuko kwa Mélanie. Hakuwaza kwamba kuna kosa.

Simone alikuwa ameshasikia yote sokoni, maana Kikula nzima ilikuwa ikizungumza. Mumewe alipoingia hakumwuliza leo ni lipi. Alimwekea ugali wa bukari na mboga ya sombe, akakaa mbele yake.

"Kula."

"Siwezi."

"Basi nawa mikono. Utakula au hutakula, nawa."

Alinawa. Akamweleza hata hivyo, tangu simu mpaka kile kitambaa kilichofunguliwa kiunoni, hakuruka kitu. Alisema François alimwambia angoje. Alisema alikuwa na haraka ya kuonekana mtu mwema. Alisema kesho hatakwenda kazini, ataacha kazi, atarudi Kasai kwa wajomba zake ambao hakuwa amewaona tangu utoto.

"Kasai utafanya nini?" Simone aliuliza.

"Siyue."

"Na mwili ya Isidore, nani ataibeba kesho? Nani atachimba? Kule kwa Mélanie bwanaume ni wachache. Isidore hakuwa na ndugu hapa, ni baba yake tu kule Kambove."

"Hawataki kuniona. Hélène alisema asinione."

"Alisema nini? Sema kama alivyosema."

Evariste alifikiri. "Alisema, nisikuone leo."

"Leo," Simone akasema. "Hakusema milele. Leo imebaki kidogo, iache iishe."

Evariste alitikisa kichwa. Alitaka kuanza upya tangu mwanzo, tangu simu. Simone akamshika mkono.

"Baba wa Colette, sikia. Nimeolewa na weye miaka mingi, nimesikia ile habari ya Pentekoste mpaka nimechoka nayo. Leo ni kosa kubwa, si kama ile. Sisemi ni dogo. Lakini hii siku imeshakula vya kutosha. Imemukula Isidore, imemukula Mélanie. Usiipatie na usiku. Usiku si yake. Ulale. Kesho asubuhi utakwenda kule, wakikufukuza utarudi."

Hakuamini kwamba angeweza kulala. Lakini alikuwa amebeba viti kutwa nzima, ameendesha baiskeli kwenye jua, na mwili haukumwuliza ruhusa. Alilala kama gunia.

Alfajiri aliamka, na kwa muda mfupi hakukumbuka. Kisha yote yakamrudia, hata lile neno, Mungu amemuchukua. Alikaa kitandani. Aliona kwamba anaweza kukaa pale na kuanza kuchambua, na alijua kazi ile ingemchukua mpaka jioni. Akavaa viatu.

Kwa Mélanie watu walikuwa wameamkia nje, wamejifunika vitenge. Baridi ya kiangazi ilikuwa kali na moshi ulikuwa chini. Mtu wa kwanza aliyekutana naye ni Hélène mwenyewe, amepiga magoti mbele ya moto mkubwa akikoroga uji. Alimwangalia. Evariste alivua kofia, akangoja.

"Maji imeisha," Hélène alisema. Akamwonyesha ndoo kwa kidevu.

Alichota maji. Alikwenda bombani na kurudi, akaenda tena, akajaza pipa. Alipasua kuni. Adolphe alimpita akibeba benchi, akasema tu, "Shika kule," naye akashika upande wa pili. Hakuna aliyemwambia amesamehewa, na hakuuliza.

Jua lilipopanda kidogo, wanaume walikaa kupanga mazishi. François alikuwa pale. Marehemu alikuwa chumba cha maiti, jeneza lilikuwa linatengenezwa gerejini kwa mbao ambazo Isidore mwenyewe alizileta wiki ile. Ilibaki habari moja: Mzee Kabongo, baba yake, kule Kambove. Alikuwa hajaambiwa. Ni nani ataenda?

Alexis alijitolea. Mwingine akasema bora katekista. Mélanie alikuwa ndani, mlango wazi, na wote walidhani hasikii. Alisema kutoka mkekani:

"Aende Evariste."

Alexis alisimama. "Mama Mélanie, ule muntu? Baada ya jana?"

"Aende yeye. Mumwite hapa."

Evariste aliingia akachutama karibu na mlango. Mélanie alikuwa ameegemea ukuta, sauti imemkauka. Wanawake wawili walimshika mabega.

"Minye sikusikia kutoka kwako," alimwambia. "Nilisikia mu kinywa ya mwenye kuwa muzima. Na Adolphe hana kosa, alikuwa anauliza tu. Ile sitasahau."

"Ndiyo, mama."

"Hapana, usiseme ndiyo. Sikia. Wale wengine hawajue. Wataenda mbio, watasema mbio, watarudi. Weye sasa unajua inafanyaka namna gani kama muntu anasema mubaya. Baba ni muzee, sikio ya kuume haisikie. Ukae kwanza. Usimwambie umesimama na baiskeli mu mukono. Ukae upande wa kushoto."

"Nitakaa."

"Na asitembee peke yake. Utarudi naye."

Hayo tu. Akafumba macho, na Evariste akatoka.

François alimpa gari dogo na dereva. Barabara ya Kambove ilikuwa mbaya. Mara kadhaa akili ilitaka kumrudisha kwenye ua wa Hélène, kwenye zile nguo za maji. Hakuizuia kwa nguvu. Aliiacha ipite, akarudi kwenye kilichokuwa mbele yake: nyumba ya mzee, upande wa kushoto, kukaa kwanza.

Walimkuta Mzee Kabongo nyuma ya nyumba akimwagilia mboga. Alikuwa amefanya kazi mgodini maisha yake yote na bado alivaa koti la kazi. Aliwakaribisha, akaleta viti viwili, akataka kutafuta cha tatu. Evariste alimwomba akae. Alivuta kiti chake upande wa kushoto.

"Baba, nisamehe nikuulize. Weye njo baba ya Kabongo Isidore, bwana ya Mélanie, chauffeur wa Transports Mukana kule Likasi?"

Mzee aliweka kopo la maji chini. "Njo minye, ndiyo," alisema, na tayari sauti ilikuwa imebadilika.

"Mimi ni Evariste Mbuyi, karani wa ile gereji. Nimetumwa na Mélanie. Jana asubuhi camion ya Isidore ilipinduka ku njia ya Koni. Isidore amekufwa, baba."

Hakuongeza la Mungu. Mzee aliangalia mboga zake. Evariste aliweka mkono wake juu ya goti la mzee.

Kisha mzee akauliza, "Alikuwa peke yake?"

"Siyue, baba."

"Aliteseka?"

Jibu la kumtuliza lilikuwa karibu sana ulimini. Jana angelitoa. "Siyue vilevile," alisema. "François, mukubwa wetu, alimufikia kule. Tukifika nitamwita, utamwuliza mwenyewe. Atakuambia kweli."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama aliyepewa kitu. Ndipo alipolia, kwa sauti ya chini, na majirani wakaanza kuja.

Walirudi Likasi jioni, mzee katikati ya kiti, Evariste akiwa amemshika mkono kila gari liliporuka shimo. Mélanie alitoka hadi mlangoni kumpokea baba mkwe wake. Wakaanguka pamoja chini. Hakumtazama Evariste, na Evariste alikwenda kumtafuta François.

Walimzika Isidore Jumamosi. Adolphe alibeba jeneza mbele, Evariste nyuma.

Baada ya hapo Mélanie alikaa Kambove na mzee mpaka mvua zilipokwisha, kisha akarudi Kikula akaanza kukaanga mandazi karibu na meza ya Simone. Hélène alichukua muda mrefu zaidi. Kwa miezi alimsalimia Evariste kama anavyomsalimia mtu yeyote barabarani, si zaidi, mpaka mtoto wake wa mwisho alipobatizwa na Adolphe akamwalika karani mbele yake. Hélène hakukataa, akamsukumia sahani. Adolphe alirudi kwenye njia ya Koni. Akifika kwenye ule mteremko hupunguza mwendo, huvua kofia, hupita.

Evariste hakugeuka kuwa mtu asiyekosea. Mwezi uliofuata aliagiza vipuri visivyofaa, na François akapiga kelele kwa ile sauti yake ndogo. Jioni alimwambia Simone. Alieleza mara moja tu, mpaka mwisho. Kisha akaomba aongezewe bukari, wakazungumza juu ya ada ya shule ya Colette na bei ya unga, na usiku ulipoingia akaenda kulala.